Barabara Tatu za Hollerbrück

Mdogo wangu Ladislas haketi mahali ambapo mgongo wake umeelekea mlango. Kanisani anakaa benchi la mwisho, kwenye ukuta. Akikaribishwa chakula kwa watu, kwanza anatazama mlango uko wapi, dirisha linafunguka vipi, na chini ya dirisha kuna nini, ndipo ananawa mikono. Watu wa hapa Albert Park, mjini Durban, wanamcheka. Mimi pia nimemcheka sana, lakini mimi nilimbeba mgongoni, nina ruhusa. Wao hawana. Ndiyo maana habari yake naiandika mimi mwenyewe, kabla mwingine hajaiandika vibaya. Shule niliishia darasa la pili. Anayetaka maneno ya kupambwa aende kwa mwingine.

Tumezaliwa Uvira, mimi Spès wa kwanza, yeye wa mwisho. Ujana wake wote Ladislas alikuwa utingo wa lori, barabara ya Uvira kwenda Bukavu. Utingo ndiye anayeruka chini kuweka gogo nyuma ya tairi lori likishindwa mlima. Ndiye anayejua daraja gani limeoza na wapi askari wamefunga kamba. Kazi ile ilimfundisha kuitazama nchi kwa namna moja tu: unaingilia wapi, na ukifukuzwa unatokea wapi. Vita vilipofika, akili hiyo ndiyo ilitutoa. Alitupitisha njia ambayo askari hawakuijua, mimi, mke wake, na mtoto wao Larissa. Mke alifia Zambia kwa homa. Durban tukaingia watatu.

Hapa Ladislas anachunga magari. Amevaa koti lile la kung'aa, anasimama mbele ya duka kubwa kule Berea, anamwonyesha dereva kwa mkono: kuja, kuja, simama. Anayependa anamwachia coin, asiyependa anapandisha kioo. Mimi nauza ndagala, dagaa wakavu wa kwetu, na sombe, majani ya muhogo, kwenye meza yangu, karibu na flati tunayokaa.

Mwaka 2008, walipoanza kuwapiga wageni, Larissa alikuwa msichana mkubwa, anasuka nywele saluni mjini. Siku moja alirudi na kiatu kimoja. Baba yake aliingia tu chumbani akahamisha kitanda cha mwanawe, akakitoa upande wa mlango akakiweka upande wa dirisha. Mwaka uliofuata Larissa akapata mume, Hardy, kijana wa kwetu aliyekulia Ujerumani. Walifunga ndoa hapa, wakaondoka. Ladislas aliwasindikiza mpaka uwanja wa ndege. Wakati wa kurudi alilala ndani ya teksi, yale mabasi madogo ya hapa, ikampitisha kituo chetu mpaka mwisho wa safari, dereva akamwamsha kwa kumtukana.

"Yaya," aliniambia alipofika, ndivyo anavyoniita dada yake mkubwa, "leo nimelala."

"Nimeona. Umelala mpaka umepotea."

"Hapana. Nimelala. Larissa hayuko tena huku."

Kijiji alichoolewa Larissa kinaitwa Hollerbrück. Hardy anahudumia wagonjwa hospitali ya mji wa jirani, na Larissa anapika kwenye nyumba moja wanamowatunza wazee pale kijijini. Kila Jumapili baada ya misa anapiga simu. Baba wengine wangeuliza umekula nini, baridi ikoje. Ladislas Jumapili ya kwanza aliuliza hivi:

"Barabara za kutoka hapo ziko ngapi?"

"Papa, za kutoka kwenda wapi?"

"Za kutoka tu."

Larissa akahesabu kwa sauti. Moja inafuata kijito mpaka mji wenye treni. Ya pili inapanda msituni. Ya tatu inakwenda mashambani, kwenye mizizi mikubwa wanayotengenezea sukari. Hapo Ladislas alikasirika. Sisi tumekua karibu na mashamba ya miwa, sukari tunaijua inatoka wapi.

"Sukari ya mizizi? Larissa, usinidanganye, miye ni baba yako."

"Kweli, Papa. Ni kama bitiruti kubwa nyeupe."

"Sawa. Shamba hilo, mtu akichutama anaonekana?"

Hivyo ndivyo alivyokijua kile kijiji, kidogo kidogo, kila Jumapili, kama utingo anayepewa njia mpya. Nami nilikijua kwa kulazimishwa, maana simu aliiweka sauti ya juu, na flati yetu ni chumba kimoja na pazia. Kijiji kiko bondeni, kati ya vilima viwili. Kijito cha Holler kinatoka msituni upande wa kaskazini, maji meusi na baridi, kinapita chini ya daraja la mawe, kinapita kando ya gurudumu la kinu cha zamani, halafu kinakwenda kujiunga na mto mkubwa. Mapaa ni ya mawe meusi yaliyochanwa kama mbao. Kanisa liko juu kidogo kuliko nyumba, na kwenye ukuta wake kuna alama iliyochongwa, maji yalipofika siku kijito kilipofurika. Ladislas aliuliza alama iko juu ya kichwa cha mtu au chini. Larissa akaenda kujipima, Jumapili iliyofuata akajibu: kwenye kidevu.

"Basi nunua kiti kirefu," Ladislas akasema.

Alipomaliza habari za mahali, akataka habari za zamani. Larissa hakuzijua, akawa anamwuliza bibi mmoja wa pale anapopika, Bibi Hedwig, ambaye miguu imekwisha lakini kichwa ni kizima. Bibi akafurahi kupata mtu wa kumwuliza, maana wajukuu wake hawaulizi. Alisimulia kwamba zamani sana kulikuwa na vita vya miaka thelathini, askari wa kila mfalme walipita pale, na kila waliopita walichoma. Watu walikimbilia kwenye shimo la kuchimba mawe, ndani ya msitu, na kengele ya kanisa waliizamisha katika bwawa la kinu ili isiyeyushwe kuwa mizinga. Waliporudi zilikuwa zimebaki familia chache sana, na kengele hawakuipata mpaka bwawa lilipokauka, wakati huo waliokuwa wameizamisha wamekufa wote.

Ladislas akaniangalia.

"Unasikia, Yaya? Shimo la mawe. Iko msituni, barabara ya pili."

"Weye unataka kwenda kujificha Ulaya vita vya babu za watu?"

"Nataka kujua tu."

Bibi akasimulia pia njaa, viazi vilipooza ardhini na nusu ya vijana wakapanda meli kwenda Amerika. Na mwisho akasimulia mambo yake mwenyewe. Yeye hakuzaliwa Hollerbrück. Vita vya mwisho vya dunia vilipokwisha alikuja akiwa mtoto, wamefukuzwa kutoka mashariki, mama yake akivuta kigari cha mkono. Wenyeji hawakuwataka. Waliwalaza ghalani na ng'ombe, wakawaficha viazi, watoto wakawatupia mawe darajani. Baadaye wageni walipewa viwanja ng'ambo ya daraja, na mpaka leo upande ule unaitwa Ng'ambo. Nyumba ya Larissa na Hardy iko Ng'ambo.

Jumapili hiyo Ladislas alipozima simu alikaa nayo mkononi.

"Hata kule," akasema. "Weupe kwa weupe."

"Iko mambo ya zamani. Leo bibi anakula chakula cha Larissa kwa kijiko cha fedha."

"Ile alama ya maji ukutani, Yaya, wanaichonga juu ya nini? Ni kwa sababu maji yanarudi."

Nilimwambia anyamaze, nikamwita kunguru. Lakini usiku ule mimi ndiye niliyeangalia kitasa mara mbili.

Na maji yakarudi, lakini hapa. Aprili 2015. Kwanza zilikuwa habari za simu tu, mtu anamtumia mtu picha za wageni waliopigwa. Halafu nikaona maduka ya wenzetu yanafungwa mchana, na vijana wetu wamesimama kona na mapanga kwa ajili ya kujilinda, na hao pia waliniogopesha. Niliacha ndagala zangu mezani, mimi ambaye sijawahi kuacha hata dagaa mmoja. Nikapanda ngazi, nikafunga mlango, nikaanza kumpigia Ladislas. Haikuita.

Alikuwa Berea. Mchungaji mwenzake wa magari, Mzulu, mtu mwema, alimjia mbio akamwambia, "Baba, vua koti uondoke, wanakuja wanauliza nani kwerekwere," tusi lao kwa sisi wageni. Ladislas hakukimbia barabarani. Utingo hakimbii barabara ambayo haijui iko nini mbele. Aliingia nyuma ya duka, mahali wanapotupa maboksi, akalala chini, akajifunika maboksi mpaka duka lilipofungwa. Aliniambia baadaye kwamba walifika. Aliwasikia wakipiga vyuma vya toroli, wakicheka. Mmoja alikaa juu ya boksi karibu na kichwa chake akavuta sigara mpaka mwisho.

"Ulifanya nini?"

"Nilitembea."

"Ulitembea namna gani na umelala chini ya maboksi?"

"Hollerbrück. Nilianzia darajani. Nilipofika kwenye shimo la mawe, yule akazima sigara akaondoka."

Alifika nyumbani giza limeingia, ananuka matunda yaliyooza. Tulisukuma friji mpaka mlangoni. Friji lile liko mlangoni mpaka leo ninapoandika, anayetaka kuingia kwetu anagonga na kungoja tulivute.

Larissa alipiga simu analia. Alikuwa na mimba, ya kwanza, na mama hana. Akasema, "Papa, kuja. Kuja unikalie mpaka nizae." Ladislas hakufikiri. Alisema ndiyo. Tangu tutoke Uvira sijamsikia akisema ndiyo upesi hivyo. Ilikuwa miaka sita hajamwona mtoto wake, ila kwenye kioo cha simu.

Kijana mmoja Mtanzania, Godson, mwenye kiduka cha simu chini ya jengo letu, ndiye aliyemjazia maombi ya viza kwenye kompyuta. Hardy alituma vyote vinavyotakiwa, mwaliko, bima, nauli. Kilichobaki ni Ladislas kwenda Pretoria, ubalozi wa Ujerumani, kuhojiwa dirishani.

Hapa nieleze, kwa asiye mkimbizi. Sisi tumehojiwa maisha yetu yote. Tulihojiwa kambini, tukahojiwa mpakani, na hapa Durban kila karatasi ikikaribia kufa tunahojiwa tena. Kuna namna yake, na hata mtoto wetu anaijua. Habari yako unaisema vilevile kila mara, neno kwa neno, maana ukisema mto leo na kesho ukasema kijito watasema umetunga. Na katika habari hiyo woga ndio mzizi. Asiyeogopa si mkimbizi. Lazima yule wa dirishani aone kwamba ukirudi ulikotoka utakufa, na mahali ulipo nako huna amani. Ukisema niko salama, wanakuambia nenda nyumbani. Miaka yote hiyo hatujamwambia mtu wa ofisi kwamba tuko salama, hata siku moja.

Basi Ladislas alijiandaa hivyo. Alikariri Hollerbrück kama alivyokuwa amekariri kukimbia kwetu. Asubuhi akinywa chai, anasema. Akifua koti, anasema. Mimi namwuliza, "Kinu kiko upande gani?" na yeye anajibu bila kupumua. Nilimwonea fahari. Nilisema atakwenda kumfundisha Mjerumani nchi yake.

Tulikwenda wawili kwa basi, sikukubali aende peke yake. Pretoria ni baridi, na watu wanatembea kama wamekasirishwa. Dirisha lilikuwa la kioo kinene, lina kipaza sauti, kila aliyeketi nyuma anasikia mambo yako. Mimi niliketi nyuma yake kabisa. Ladislas aligeuka kutazama mlango, akaona mlinzi amesimama hapo, akageuka tena. Shingo yake ilikuwa imelowa.

Yule wa dirishani alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani, na Kifaransa alikijua. Hakuwa mbaya. Akamwuliza anakwenda wapi.

Ladislas akaanzia darajani. Akapita kijito, kinu, kanisa na alama yake. Akataja barabara zote tatu na kila moja inatokea wapi. Akasimulia kengele bwawani, viazi vilivyooza, watoto wa kigari waliotupiwa mawe. Yule mama aliacha kuandika. Akavua miwani.

"Umewahi kufika huko?"

"Hapana, Madame. Lakini naweza kufika hata gizani."

Akacheka kidogo, na watu waliokuwa nyuma pia wakacheka. Mimi nikaona tumepita. Nilifunga macho nikamshukuru Mungu mapema, na sitarudia tena kumshukuru mapema.

Kisha akamwuliza, kwa sauti ileile ya upole, "Na hapa Durban, Monsieur, maisha yako yakoje?"

Niliona mabega ya mdogo wangu yakikaa sawa. Swali hilo alilijua. Alikuwa amelijibu miaka kumi na zaidi. Akamwambia kila kitu. Akasema hapa hatuna amani. Akasimulia kiatu kimoja cha Larissa, akasimulia maboksi na sigara, na friji mlangoni. Akasema hawezi kulala. Akasema, "Madame, nikisikia watu wanaimba barabarani, nazima taa nalala sakafuni." Hakuongeza kitu. Yote yalikuwa kweli, nami nilikuwa natikisa kichwa nyuma yake, ndiyo, ndiyo, kama shahidi.

Yule mama alivaa miwani yake tena, akaandika kwa muda mrefu. Alipomaliza alimwangalia Ladislas kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonishtua. Mtu anayekupa hakuangalii hivyo.

Hati yake ya kusafiria ilirudi bila viza. Godson alitusomea sababu pale kidukani: hawakuridhika kwamba akimaliza muda wake atarudi Durban.

"Kaka, ulimwambia nini yule mama?"

Ladislas akamweleza. Godson akaweka chini bisibisi aliyokuwa ameishika.

"Eish, mzee wangu. Viza si ukimbizi. Kwenye viza unasema hapa pazuri, nina kazi, nina dada, nyumba yangu nzuri, naenda kusalimia tu narudi. Huyo anataka asikie kwamba huogopi."

"Lakini miye naogopa," Ladislas akasema.

"Ndiyo, lakini huyo hutakiwi kumwambia."

"Nani basi natakiwa kumwambia?"

Godson akaishika tena bisibisi yake. Ni kijana mzuri, ana pasipoti ya kwao, anakwenda na kurudi, mambo yetu hawezi kuyajua. Nilimwambia Ladislas tupande nyumbani. Kwenye ngazi alisimama kila ghorofa kusikiliza kabla ya kupanda nyingine, kama kawaida yake, na siku hiyo sikumharakisha.

Mtoto alizaliwa Novemba, wa kiume, wakampa jina la baba yetu, Sébastien. Ladislas alimwona kwenye simu. Alimtazama sana, halafu akaomba Larissa aigeuze simu ili aone kitanda cha mtoto kimewekwa wapi. Kilikuwa upande wa dirisha. Akasema vizuri.

Ndipo Larissa akasema alichokuwa amekificha.

"Papa, kama wamekukatalia, miye nitakuja. Hardy amepata likizo mwezi wa pili. Nitakuja na mtoto umshike. Niambie tu, huko sasa imetulia?"

Nilikuwa upande wa pili wa meza nikichagua mchele. Nilimwonyesha kwa mkono: sema ndiyo. Nilimwonyesha tena. Ni kweli palikuwa pametulia. Maduka yamefunguliwa, mimi mezani kwangu, yeye Berea na koti lake. Neno moja tu, na mtoto wake angekuwa ameketi hapa kwenye kiti hiki.

Ladislas aliniangalia mimi, halafu friji.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Haijatulia. Usikuje."

"Papa, shangazi aliniambia..."

"Shangazi yako hana woga, usimsikilize. Miye yule mama wa dirishani nilimwambia ukweli, nikakukosa. Sitakuambia weye uongo ili nikupate. Kaa huko Ng'ambo. Ukisikia kitu kibaya, barabara ya pili, unajua."

Larissa alilia, mtoto naye akalia, simu ikakatika au aliikata. Sikumpikia Ladislas jioni hiyo. Nilimwambia amekuwa ukuta, amekuwa jiwe, mwanawe amemnyooshea mkono naye ameupiga. Siku mbili sikumsemesha, nami nikinyamaza najua kunyamaza. Alikula mkate mkavu bila kulalamika.

Ikawa siku ya tatu, mchana. Nilikuwa chumbani napanga ndagala, yeye anafua koti lake kwenye beseni. Tukasikia watu wanaimba chini, wengi, wanakuja kutoka upande wa kituo cha teksi, wimbo wa kukanyaga miguu. Mimi, Spès, ambaye hana woga, nilimwaga ndagala. Hatukuambiana kitu. Tulijitupa sakafuni wote wawili, kando ya friji, migongo ukutani, magoti yamegusana, kama watoto. Koti lilikuwa linadondosha maji mikononi mwake. Wimbo ulifika chini ya dirisha letu. Mtu akapiga filimbi. Kitu cha chuma kikaanguka.

Ladislas alianza kwa sauti ndogo. "Daraja la mawe. Maji chini yake meusi."

Nikamwuliza, "Kushoto iko nini?"

"Kushoto iko kinu. Gurudumu limesimama, limeota majani."

"Na kulia?"

"Kulia iko Ng'ambo. Nyumba ya tatu. Iko kitanda upande wa dirisha."

"Mtoto amelala?"

"Amelala. Tunampita polepole, tusimwamshe."

Wimbo ukapita. Baadaye tulijua walikuwa wafanyakazi wa mji wanadai mshahara, hata hawakuinua macho kutazama madirisha yetu. Mtaa ukarudi kuwa na sauti zake, honi za teksi na mwuza ndizi. Ningeweza kusimama niokote ndagala zangu. Lakini Ladislas alikuwa bado njiani, ndiyo kwanza amelipita kanisa anapanda barabara ya pili, na mimi nilibaki pale sakafuni kumngoja afike msituni.